Ringgit ya kichwani: kisa cha mwanafunzi wa Malaysia mjini Melbourne

Jioni ile aliyotoka kwa daktari ndipo nilipoliona daftari lake kwa mara ya kwanza. Lilikuwa daftari la miraba, kama yale ya hesabu ya shule ya msingi, na kila ukurasa alikuwa ameupiga mstari katikati: kushoto dola za Australia, kulia ringgit za kwao. Mkate 3.50, kulia 10.50. Mayai dazeni moja 6, kulia 18. Nauli ya siku 10.60, kulia 31.80. Pembeni mwa bei nyingine alichora msalaba mdogo. Nikamuuliza msalaba ni wa nini. Akasema, "Hivyo nilivirudisha, Kak." Yaani alikuwa ameshavitia kikapuni, akafika navyo karibu na mlipishaji, akavigeuza kuwa ringgit kichwani, kisha akavirudisha rafuni.

Tulikuwa tunakaa nyumba moja Clayton, kusini-mashariki mwa Melbourne. Mimi ni mtu wa Tanga, nilikwenda kule kwa masomo ya uzamivu. Yeye alifika katikati ya Julai 2024, ana miaka 22, kumalizia shahada aliyoianzia kwao. Kak ni namna Wamalay wanavyomwita dada mkubwa, nami nilimwita adik, mdogo wangu. Kisa hiki nakiandika kwa ruhusa yake, hesabu ni zake, jina tu ndilo tumekubaliana libaki kwetu. Nimekaa na jambo hili muda mrefu, kwa sababu msichana yule hakuwa mfujaji, hakuwa mvivu, na familia yake haikumtupa. Hata hivyo Septemba ilimkuta ameshikilia nguzo ya kituo cha basi 601 pale Huntingdale, macho yamemwingia giza, na daktari akasema hana ugonjwa: hali chakula cha kutosha.

Watu wa Malaysia si wageni Australia. Tangu Mpango wa Colombo, ule wa kusaidiana kati ya nchi za Jumuiya ya Madola, ulipoanza mwaka 1951, vijana wa nchi ile, wakati huo bado ikiitwa Malaya, walikuwa wakipelekwa huko kwa ufadhili. Baadaye vyuo vyenyewe vikawafuata nyumbani: Monash ilifungua tawi Malaysia mwaka 1998, Curtin ikafungua Miri 1999, Swinburne ikafungua Kuching 2000. Unaanza masomo kwenu kwa gharama ya kwenu, unamalizia Australia. Njia imekanyagwa na wengi, na karibu kila ukoo una mjomba au shangazi aliyeipita. Huyu naye alikuwa na mjomba. Mjomba alisoma Melbourne kabla ya msukosuko wa fedha wa mwaka 1997 kule Asia, enzi ambazo dola moja ya Australia ilikuwa karibu ringgit 2. Ndiye aliyekaa na baba mtu mezani wakapanga bajeti. Mwaka 2024 dola ileile ilikuwa ikizunguka ringgit 3, na hiyo 3 ndiyo nitakayoitumia hapa. Walijua kwamba imepanda. Walichofanya ni kuchukua matumizi ya mjomba, wakaongeza kidogo kwa ajili ya kupanda kwa bei, wakazidisha kwa 3.

Wakapata ringgit 4,500 kwa mwezi. Msomaji asiione ndogo. Kima cha chini cha mshahara Malaysia mwaka ule kilikuwa ringgit 1,500 kwa mwezi, kwa hiyo kila mwezi nyumba ile ya mwalimu mstaafu ilikuwa inatuma mishahara mitatu ya kima cha chini ng'ambo ya bahari. Kwa dola ni 1,500.

Serikali ya Australia nayo ina hesabu yake. Tarehe 10 Mei 2024 kiwango cha fedha ambacho mwombaji wa viza ya mwanafunzi anapaswa kuwa nacho kwa matumizi ya mwaka mmoja, mbali na ada na nauli, kilipandishwa kutoka dola 24,505 hadi 29,710. Yeye aliomba mwezi huohuo, bado ada ya maombi ikiwa 710. Tarehe 1 Julai ikaruka kufika 1,600. Ukigawa 29,710 kwa miezi 12 unapata dola 2,475 na ushee. Nilimuuliza ile tofauti ya karibu 1,000 kila mwezi ilikwenda wapi. Jibu lake lilikuwa jepesi, na nadhani ndilo jibu la nyumba nyingi: fedha ipo, ila si yake peke yake. Akiba ya baba ina wadogo zake wawili ndani yake, ina paa la nyumba, ina dawa za bibi. Kuwa nayo ni jambo moja, kuitumia yote kwa mtoto mmoja ni jambo jingine. Siwaoni kuwa walidanganya. Walionyesha walicho nacho, wakatuma walichoweza.

Kwenye bajeti ya mezani kodi ya chumba iliandikwa 960 kwa mwezi. Chumba kilikuwa dola 240 kwa wiki, na kule kodi hutajwa kwa wiki. Mtu aliyezoea kodi ya mwezi, awe wa Ipoh kule Malaysia au wa Dar es Salaam, huzidisha mara nne bila kufikiri. Lakini mwaka una wiki 52, si 48. Zidisha 240 kwa 52, gawa kwa 12: ni 1,040. Dola 80 kila mwezi zilikuwa zimepotea kwenye bajeti kabla hajapanda ndege, na kwa mwaka ni 960, yaani mwezi mzima wa kodi ambao hakuna aliyeuona.

Alitua na dola 3,000 taslimu na za benki. Nitazitaja zilivyokwenda, maana hapa ndipo mambo yalipoharibikia, na kwa jinsi ninavyoliona mimi, ndipo wazazi wengi wasipotazama. Usiku tisa kwenye hosteli ya vitanda vya kupandiana huku akitafuta chumba, 45 kwa usiku: 405. Dhamana ya chumba, ambayo katika jimbo la Victoria, ilipo Melbourne, kwa kawaida ni kodi ya mwezi mmoja: 1,040. Dhamana hiyo haikai mfukoni mwa mwenye nyumba, inawekwa kwenye mamlaka ya jimbo inayoitwa RTBA, na ni mpango mzuri, lakini kwa mwanafunzi ni fedha iliyofungiwa mpaka siku ya kuhama. Kodi ya wiki mbili za mbele: 480. Godoro la mtumba, blanketi nzito, koti, hita ndogo, sufuria na vyombo: 430, maana Melbourne mwezi Julai alfajiri hushuka hadi nyuzi 7 na mchana haupiti sana 14, na chumba chake kilikuwa upande usiopata jua. Laini ya simu 30. Chakula cha kununua siku zile zisizo na jiko, 210. Jumla ni 2,595. Wiki mbili na nusu tangu kutua, alibaki na 405, na fedha ya nyumbani ilikuwa ya tarehe mosi.

Kuanzia hapo akaanza kugeuza. Wanafunzi wa Malaysia wenyewe huonyana juu ya tabia hiyo. Wakubwa huwaambia wanaofika, usigeuze, utalia. Yeye hakuweza kuacha. Nasi lemak kwenye mkahawa wa Kimalay mjini ilikuwa dola 16. Kichwani mwake ikawa ringgit 48, na kwao nasi lemak ya kufungwa kwenye jani, ya asubuhi, inanunuliwa kwa ringgit chache mno. Aliniambia alisimama nje ya mkahawa ule akisoma bei ukutani mpaka mhudumu akamkaribisha ndani, naye akaona haya akaondoka. Basi aliacha kula nje, na hilo lilikuwa uamuzi wa busara. Ila hakuishia hapo. Akaacha samaki, kwa sababu kwa ringgit samaki ni kichaa. Akaacha matunda, akaacha maziwa. Kufika Septemba, daftari linaonyesha chakula cha wiki nzima dola 31: mchele, mayai, tambi za pakiti.

Mtu wa pwani akisikia nasi lemak anaweza kudhani ni kitu cha mbali. Ni wali wa nazi. Mchele unapikwa kwa tui, badala ya iliki wanatia jani la pandan, halafu unaliwa na dagaa wa kukaanga, karanga, tango, yai na pilipili ya kusaga waliyoikaanga kwa mafuta na kitunguu, sambal. Siku nilipompikia wali wa nazi wa kwetu na dagaa alikaa kimya muda, kisha akauliza ni nani aliyenifundisha chakula cha mama yake.

Tiba ya upande wa chakula ilipatikana hapo, tena haikuwa na mwujiza. Vituo viwili kutoka Clayton kwa treni ni Springvale, mji wa maduka ya Waasia, wengi wao Wavietnamu, na mboga huko ni nafuu kuliko kwenye maduka makubwa yenye taa nyingi. Mbele zaidi kuna soko la Dandenong. Nyama ya halali inapatikana njia nzima hiyo bila shida. Tukaanza kununua pamoja watu wanne wa nyumba moja: gunia dogo la mchele, makopo ya tui, dagaa wakavu, kuku wazima. Jumapili tunapika sufuria kubwa na kugawana. Nilipopiga hesabu, sahani ya nasi lemak kamili na kuku haikufika dola 5. Muhimu zaidi, tulikubaliana kiwango cha chini: hakuna atakayeshusha chakula chini ya dola 65 kwa wiki, hata kama ringgit zitalia vipi.

Ile safari ya daktari nayo iliacha alama. Raia wa Malaysia hawana makubaliano ya kutibiwa chini ya mfumo wa umma wa Australia, kwa hiyo wanalazimika kuwa na bima ya wanafunzi wa kigeni, OSHC, na yeye aliilipia tangu viza. Alidhani amelipia kila kitu. Zahanati aliyoingia, ya karibu na stesheni, ilimtoza 85 papo hapo. Bima ikamrudishia takriban nusu, baada ya siku kadhaa. Zipo zahanati zinazoitoza bima moja kwa moja, mgonjwa asitoe kitu, na ya chuo mara nyingi ni mojawapo. Swali la kupiga simu na kuuliza ni moja tu: mnatoza bima moja kwa moja?

Hadi hapo nilidhani nimelielewa tatizo: msichana anageuza dola kuwa ringgit, bei zinamtisha, anajinyima. Kisha nikafungua kurasa za nyuma za daftari, za mapato. Safu zilikuwa zilezile mbili. Na safu ya kulia, iliyokuwa ikimtisha mbele, huku nyuma ilikuwa ikimfurahisha.

Tangu katikati ya Agosti alikuwa na kibarua kwenye jiko la mkahawa mmoja katikati ya mji. Siku tatu za kazi kwa wiki, saa sita kila siku, 18 kwa jumla. Malipo taslimu ndani ya bahasha: dola 15 kwa saa. Kulia ameandika 45. Ringgit 45 kwa saa! Kwao kima cha chini kwa saa kilikuwa ringgit 7.21. Alikuwa amemwandikia mama yake kwamba anaosha vyombo na kulipwa mara sita ya mtu wa kwao, na mama alifurahi mpaka akawaambia majirani.

Sheria inasema nini? Kuanzia 1 Julai 2024 kima cha chini cha Australia kilikuwa dola 24.10 kwa saa, na mfanyakazi wa kibarua asiye na likizo wala malipo ya ugonjwa anaongezewa asilimia 25 juu yake. Hiyo ni 30.13. Hakuna kiwango kingine kwa ajili ya mwenye viza ya mwanafunzi, wala kwa asiyejua Kiingereza vizuri, wala kwa aliyekubali kwa mdomo. Alikuwa akilipwa nusu. Saa 18 kwa wiki, pengo la 15.13 kwa saa: dola 272 na senti 34 kila wiki. Alifanya kazi ile wiki 11. Ni dola 2,995 na ushee, sawa na miezi miwili ya ile fedha ambayo baba yake alikuwa akiikwangua. Juu ya hapo mwajiri anatakiwa kuweka mafao ya uzeeni, mwaka ule asilimia 11.5 ya mshahara, na tangu Julai 2022 hata kwa anayelipwa kidogo. Kwa mshahara halali wa wiki 11 hayo ni kama 686. Hayakuwekwa.

Tazama sasa nauli. Victoria haiwapi wanafunzi wa kigeni kwa jumla punguzo ambalo wenyeji wanapata, na hili liliniudhi kila siku niliyokaa kule. Ipo pasi ya muda mrefu ya nusu bei kwa vyuo vilivyojiunga na mpango huo, lakini inalipwa kwa mkupuo, na mwenye 405 benki hana mkupuo. Kwa hiyo alilipa 10.60 kila siku ya kazi. Kwa dola 15 kwa saa, dakika 42 za mwanzo alikuwa akiosha sufuria ili kulipa treni. Kwa mshahara wa haki zingekuwa dakika 21.

Nilikasirika, na kwa bahati mbaya hasira yangu ilimfikia yeye badala ya mwajiri. Nilimuuliza ilikuwaje mtu wa chuo kikuu asitafute kiwango cha sheria. Alinijibu polepole, na nimelitafakari jibu lake mara nyingi: "Kak, nilitafuta. Nilijua ni 30. Lakini 45 ilikuwa inatosha." Alikuwa anaijua dola, ila alihisi kwa ringgit. Akinunua, ringgit inamwambia hiki ni ghali mno, acha. Akiuza jasho lake, ringgit ileile inamwambia hiki ni kingi mno, shukuru. Njaa ile na bahasha ile mzizi wake ulikuwa mmoja. Sijaona bajeti yoyote ya mezani yenye mstari wa kuonyesha jambo hili, na ninaamini linawagharimu wanafunzi wetu wa Afrika Mashariki kuliko wale wa Malaysia, kwa sababu shilingi ina tarakimu nyingi zaidi za kukudanganya.

Kulikuwa na hofu pia. Mwajiri alikuwa amemwambia kwamba akilalamika viza itafutwa. Hilo ni tishio tupu. Mwajiri hana mamlaka ya kufuta viza ya mtu, ni ya serikali peke yake, na tangu 1 Julai 2024 kumtisha mfanyakazi kwa hali yake ya uhamiaji ili akubali malipo mabovu ni kosa la jinai. Yeye hakuwa amevunja sharti lolote: mwanafunzi anaruhusiwa saa 48 kwa kila wiki mbili wakati wa masomo, na yeye alikuwa na 36. Nilimpeleka Study Melbourne, kituo cha serikali ya jimbo kwa wanafunzi wa kigeni, wakamuunganisha na msaada wa sheria wa bure. Mwanasheria alimuuliza kwanza kama ana hati za malipo. Hakuwa nazo hata moja, ingawa sheria inataka mwajiri aitoe ndani ya siku moja ya kazi baada ya kulipa. Ana ushahidi gani basi?

Akatoa daftari. Kila bahasha ilikuwa ndani yake, kwa tarehe, kwa saa alizoingia na kutoka, kwa dola na senti. Ujumbe wa zamu ulikuwa kwenye simu. Kadi yake ya nauli, kwa kuwa aliisajili, ilikuwa na kumbukumbu ya kila siku aliyoshuka mjini, na siku hizo zikalingana na daftari ukurasa kwa ukurasa. Mwanasheria alitoa nakala ya kurasa zote za nyuma.

Kazi ile aliiacha mwisho wa Oktoba. Wiki tatu hakuwa na kipato, nasi tuliomzunguka tulibeba sehemu yake ya umeme. Kisha akapata zamu kwenye ghala karibu na Clayton, saa 16 kwa wiki, kiwango cha sheria, anatembea kwa miguu. Saa zimepungua, fedha imezidi.

Na nyumbani baba alibadilisha jambo moja ambalo natamani lingefanyika mwanzo. Ringgit 54,000 za mwaka zilibaki 54,000. Ila hakuzigawa tena kwa 12. Mdogo wake alipofuata njia hiyohiyo mwaka uliofuata, alipewa ringgit 15,000 siku ya kuondoka, na fedha ya kila mwezi uliobaki ikapunguzwa kufidia. Aliingia Melbourne na fedha ya dhamana, ya godoro na ya kukaa wiki sita bila kulazimika kukubali kazi ya kwanza aliyoitiwa.

Februari 2025 mwajiri yule alilipa dola 1,900 kwa mafungu mawili baada ya barua ya mwanasheria. Salio wanaendelea kulidai. Sheria inampa miaka sita. Yale mafao 686 yana fomu yake nyingine, kwa mamlaka ya kodi, na akiondoka nchini serikali itakata asilimia 35 kabla ya kumkabidhi. Mimi nilikuwa nimesharudi Tanga aliponiandikia kuuliza kama kwa kiasi hicho inafaa kuhangaika. Nikatafuta jinsi ya kumweleza bila kutaja ringgit. Nikamwandikia: ni kodi ya wiki moja na siku sita. Akajibu kwamba amekwisha kuihesabu hivyohivyo, na fomu ameipeleka asubuhi.